Mama, Chuo Kilichonikubali Kiko Croydon

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama waliotangulia mbele ya haki huamkiwa, lakini ulimi wangu haujajifunza kuanza nawe kwa namna nyingine. Nimekaa jikoni kwangu hapa Thamesmead, chai imepoa mbele yangu, mjukuu wako Nasra yuko skuli, na mie natakiwa niwape watu jibu kabla ya Ijumaa. Naogopa, Mama. Nakwambia mapema ili usije ukadhani nimekuandikia kwa furaha, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu ni la furaha.

Nataka kusomea uuguzi. Haya, cheka. Najua unacheka. Mtoto aliyekuwa akijificha uvunguni akisikia kuku anachinjwa, asitoke mpaka mchuzi umeiva, leo anataka kuvaa sare na kuchoma watu sindano.

Miaka yote hii nimekuwa nikitunza wazee majumbani mwao. Nawaosha, nawalisha, nawageuza kitandani, nawasikiliza wakinisimulia wachumba zao wa zamani. Kazi naipenda, lakini tangu zile wiki zako za mwisho wodini, moyo wangu haujatulia. Unamkumbuka yule muuguzi mrefu wa Kifilipino? Kila akitaka kukugusa alikuwa anakwambia kwanza anachotaka kufanya, kwa Kiingereza chake, na wewe humwelewi, na bado anakwambia. Mie nilikuwa nakutafsiria, na siku moja ukanikataza. "Mwache," ukasema, "huyu namfahamu." Basi pale ndipo hamu iliponiingia. Sikukwambia kwa kuwa ulikuwa unaumwa, na kwa kuwa nilijua utacheka na kucheka kulikuwa kunakuumiza kifua.

Sasa chuo kikuu hakinichukui hivi hivi. Nilitoka skuli mikono mitupu, na wewe unajua kwa nini. Miaka ile tunasubiri makaratasi tulikuwa tunahamishwa nyumba hii tunapelekwa ile, kila nikianza kuzoea darasa na kupata wa kukaa naye wakati wa chakula, tunafunga mizigo. Kwa hiyo inabidi nisome kwanza mwaka mmoja kozi ya Access, ile wanayowawekea watu wazima wanaotaka kuingia chuo kikuu bila vyeti vya skuli. Kuna biolojia, kuna kuandika insha, kuna saikolojia kidogo, na hesabu juu yake, maana hesabu sina kabisa. Kozi yenyewe ni ile ile popote utakapokwenda. Swali ni nikaisome wapi, na swali hilo limeninyima raha.

Kuna chuo karibu na nyumbani, basi moja tu. Nilianzia huko. Walinipokea vizuri, wakanikalisha, wakaniambia nisome hesabu kwanza mwaka mzima, halafu mwaka wa pili ndiyo niombe Access, nafasi ikiwepo. Nikajiona nazeeka pale pale kwenye kiti chao.

Kuna kusoma kwa mtandao, nyumbani, kanga kiunoni. Hilo lilinivutia, nisikufiche. Nikafungua somo lao moja la kujaribia, habari za moyo na vyumba vyake. Nasra anataka nimsukie nywele, simu inalia kutoka kazini wananiomba niingie shifti ya mwenzangu, na mie nimeweka wali jikoni. Nilipomaliza nilikuwa nimejua kwamba damu inaingia upande huu inatokea upande ule, na wali ulikuwa umeungua mpaka sufuria imeharibika. Isitoshe, chuo kikuu ninachokitaka mie kiliniambia wazi kuwa kinapendelea mtu aliyekaa darasani na mwalimu mbele yake.

Na kuna cha tatu. Hiki kinafundisha hesabu na Access pamoja, mwaka huo huo mmoja, kwa saa ambazo Nasra yuko skuli, na kwa kazi yangu nabakiwa na siku za kutosha. Kila niliyemuuliza kaniambia hapo huna la kufikiri. Ningekuwa mtu mwingine ningesema hivyo hivyo. Kiko Croydon.

Ndiyo, Mama. Croydon.

Niwaeleze kidogo wengine watakaosoma, maana barua hii naiweka wazi kwa makusudi, najua hapa mtaani siko peke yangu. Croydon ndiko liliko jengo la uhamiaji. Kwetu sisi tuliokuja hatuna makaratasi, Croydon haikuwa mji. Hatukujua kama kule kuna maduka, kama kuna watu wanapanda treni kwenda kununua viatu na kula aiskrimu. Mtu akikwambia kesho nakwenda Croydon, ulikuwa unaweka chini ulichoshika unamwombea dua. Na watu walikuwa wakisimulia habari za fulani kaingia asubuhi mpaka leo hajatoka. Sijui ngapi zilikuwa za kweli. Kwa mtoto zote ni za kweli.

Siku ya kuitwa ulikuwa unaniamsha mapema unaniambia nivae fulana mbili. Nikikuuliza kwa nini, unasema baridi, hata iwe jua linawaka. Mpaka nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kuwa ulitaka, wakituzuia, niwe na ya kubadilisha. Jokofu unalisafisha, maziwa unampa jirani, taka unatoa, kitanda unatandika kama tunaondoka moja kwa moja. Unanikata kucha. Halafu unanishika mkono tunapita mlango kwa mlango kutaka radhi. "Nisamehe nilipokukosea, kwa ninalolijua na nisilolijua." Kwetu mtu hutaka radhi hivyo akienda Hija, au akisafiri safari ya mbali ambayo hajui marejeo yake. Wewe ulikuwa unataka radhi kwenda kupanda treni na kurudi kabla ya alasiri. Tukirudi, jirani zetu wanakutania. "Bi Saumu, umerudi? Basi nirejeshee radhi yangu, nilikusamehe ukiwa unaondoka." Unacheka nao, unaingia ndani, unalala na viatu.

Kuna siku moja sijaisahau. Yule mwanamke wa dirishani kule uhamiaji alichukua hati zetu zote, akasema kitu sikukisikia vizuri, akaingia nazo mlango wa nyuma. Mlango ukafungwa. Alikaa huko muda ambao mpaka leo nikiuota unakuwa mrefu zaidi. Mwishowe alitoka, akaturudishia, tukaenda zetu. Halikutokea lolote. Mtu akiniuliza walinifanya nini Croydon, jibu ni hilo, hawakunifanya kitu. Lakini niliingia mtoto wa kawaida, na tangu siku hiyo nikiona mtu anaondoka na karatasi yangu mkononi, hata karani wa maktaba, namfuata kwa macho mpaka anirudishie.

Sasa nikusimulie nilichofanya asubuhi ya usaili, uone akili za mwanao. Nasra alikuwa kwenye likizo fupi ya skuli, kwa hiyo nilikuwa naenda naye. Nimevaa vizuri, nimefunga mlango, na miguu ikanipeleka kwa Bi Asha, jirani wa ghorofa ya chini, ambaye anakukumbuka na bado anakutaja. Akafungua na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Bi Asha, nisamehe nilipokukosea, kwa ninalolijua na nisilolijua." Nikambusu mkono, nikaondoka mbio kuwahi basi. Wallahi sikumweleza chochote, wala sikuona kama kuna cha kueleza. Nilifanya kama mtu anavyojifunga mtandio kabla ya kutoka.

Bi Asha akatoka nyuma yetu na mwiko wake, akamwuliza Nasra tunakwenda wapi. Unajua mjukuu wako, Kiswahili anakisikia chote lakini jibu lake siku zote Kiingereza. Siku hiyo, sijui kapatwa na nini, akageuka akasema kwa Kiswahili safi, "Tunakwenda Croydon."

Mie nina pasipoti ya nchi hii tangu Nasra hajazaliwa, na Bi Asha anajua, pilau ya siku nilipoipata alipika yeye. Lakini mfikirie maskini. Mtu kaja asubuhi kavaa nguo za kutokea, kashika mtoto, anataka radhi, anakwenda Croydon. Tulipofika stesheni Abbey Wood simu yangu ilikuwa haipumziki. Mmoja ananiuliza kama nina wakili. Mwingine analia tu, maneno hayatoki. Mwishowe akapatikana Bi Asha mwenyewe.

"Rukia, wameshakuzuia?"

"Bi Asha, nakwenda kuomba nafasi ya kusoma."

Nikasikia anavuta kiti anakaa. "Kusoma," akasema. "Kusoma gani huko kwa kutakiana radhi?"

Nilicheka, na wanawake waliokuwa wamejaa nyumbani kwake wakacheka, nikawasikia. Halafu simu ikakatika, treni ikaja, na kicheko kikaniishia. Kwa sababu Bi Asha alikuwa kauliza swali la haki. Nimekwenda kuomba kusoma kwa kuaga kama mtu anayeweza asirudi. Nikajiuliza huyu ndiye anayetaka kusimama mbele ya mgonjwa aliyeogopa amwambie atulie. Nilitamani kushuka kituo kinachofuata, nirudi kwenye mtandao wangu na sufuria yangu.

Tulibadilisha treni London Bridge, tukashuka East Croydon, na ramani ya simu ikanionyesha njia ya mkato. Nikaitazama nikaona inapita mbele ya lile jengo la uhamiaji. Nikamwambia Nasra tupite huku, pazuri zaidi. Tukazunguka, Mama. Tulivuka njia ya tramu, tukapita nyuma ya maduka, tukapotea, tukauliza, na Nasra akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba simu inaonyesha tunakwenda kinyume na mbona natoka jasho. Nikamwambia anyamaze. Sikuwahi kumjibu hivyo. Hata hivyo kwenye pengo moja kati ya majengo nililiona kwa mbali, na hakukuwa na lolote. Ni ghorofa tu, lina madirisha mengi. Hata hivyo nilimvuta Nasra tukaongeza mwendo.

Chuoni kwenyewe ni pazuri, nisiwe mnafiki. Kuna mimea mlangoni, kuna watu wa umri wangu na zaidi, wamejitanda, wamebeba mikoba ya kazini. Mwalimu mwenyewe Mghana, mnene, sauti ya kicheko, alikuwa muuguzi zamani. Akaniuliza kwa nini nataka kazi hii, nikamweleza habari zako na yule Mfilipino, na sikulia. Akanipa hesabu za sehemu, nikazifanya, moja nilikosea na aliniambia wapi. Kisha akafunga faili lake akasema nafasi ipo, ananipa muda nifikirie, lakini nisipowajibu kabla ya Ijumaa hii atampa mtu mwingine, wanaongoja ni wengi. Akasema nipite mapokezi wachukue kopi ya pasipoti.

Mapokezi yupo msichana mpole, kucha za waridi. Akatabasamu, akanyoosha mkono. Nikampa pasipoti na sikuiachia. Akavuta kidogo, akadhani natania, akacheka. Vidole vyangu vikaachia kimoja kimoja. Akasema mashine ya hapa mbele imeharibika, dakika moja tu, akasukuma mlango wa nyuma yake akaingia nayo mkononi. Mlango ukajifunga wenyewe taratibu.

Mama, nilijua. Nilijua ni chuo, nilijua ni kopi, nilijua mie ni raia na hakuna wa kunifanya lolote. Yote hayo niliyajua na hayakunisaidia chochote. Masikio yalijaa maji. Nikaanza kumsemesha Nasra mfululizo, maneno hayana kichwa wala miguu. Mtazame yule babu na viatu vyake vya kijani, unadhani kaazima kwa nani? Na yule dada visigino vile anapandaje ngazi? Tuchague, nani hapa ana viatu vizuri kuliko wote? Nasra akaingia mchezoni, akachagua, tukabishana, akacheka. Katikati ya kucheka akanyoosha mkono anishike mkono.

Nikauvuta wangu. Nikampa pindo la koti. "Shika hapa, mama'ngu," nikamwambia, "mkono wangu una baridi."

Yalinitoka kabla sijayafikiri, na nilipoyasikia nikayatambua. Yalikuwa maneno yako.

Mchezo wa viatu ulikuwa wako. Kule ndani ya jengo la uhamiaji, kwenye viti vilivyofungwa pamoja, ndivyo ulivyokuwa ukinichezesha saa nzima, nani ana viatu vizuri kuliko wote, na mie nikicheka mpaka watu wanageuka. Na kila nilipotaka kukushika mkono, ulikuwa umeuficha ndani ya buibui, unanipa pindo la nguo. "Shika hapa, mama'ngu, mkono wangu una baridi." Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii nikiamini kwamba mama yangu alikuwa mtu wa mikono baridi. Wakati wa baridi nikikununulia glavu. Na mle ndani, Mama, sasa ndiyo nakumbuka, kulikuwa na joto la kumtoa mtu jasho.

Msichana akarudi na pasipoti yangu na kopi yake, akaniomba radhi kwa kuchelewa. Tukatoka. Njiani Nasra akaniambia, kwa Kiingereza, kwamba alidhani nitaogopa kwenye usaili, lakini sikuogopa hata kidogo, na yeye akikua angependa asiwe anaogopa vitu, kama mie. Nilimnunulia aiskrimu pale Croydon, tukala tukiwa tumesimama, na mikono yangu ilikuwa bado haijatulia vizuri kushika kijiko.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, na tangu siku hiyo nakaa nazungumza nawe kichwani, mpaka leo nimeona niandike. Nilitaka kukuuliza ulifanyaje, wewe niliyekuwa nikidhani huogopi, ili nami nifanye hivyo hivyo. Nimesubiri hofu iniondoke kwanza ndipo nichague chuo. Nimekaa na simu hii nikijiambia, ikinipungua tu, nawapigia. Haikupungua. Nadhani hata usingekufa, na ningekuuliza, ungenidanganya tena kwa mapenzi yale yale, ungesema kule palikuwa na baridi.

Wanafunga simu zao jioni na Nasra anakaribia kurudi. Kalamu naiweka chini niwapigie. Nitawaambia naja. Nitapita njia ile ya mkato, kwa sababu ile ya kuzunguka itanichelewesha darasani, na nitaipita naogopa, siku zile za mwanzo na pengine mwaka mzima. Allah akulaze pema, akupe nuru na wasaa huko ulipo, na akulipe kwa kila safari uliyonipeleka na kunirudisha nikiwa nacheka.

Natamani ningekushika mkono ule kwa nguvu, ukitetemeka hivyo hivyo.

Mwanao wa pekee,
Rukia